Kibarua cha Likizo Kisiishie Kwenye Jembe

Wako watu wanaodhani kwamba mwanafunzi wa sekondari akienda kulima shamba la mtu mwingine wakati wa likizo amejishusha, na wazazi wake wameonekana maskini. Wako na wengine, nao ni wengi kati ya wenye mashamba, wanaodhani kwamba mwanafunzi akija shambani amekuja kufundishwa adabu ya kazi, na adabu hiyo yenyewe ndiyo mshahara wake. Mimi sikubaliani na hao wa kwanza, na hao wa pili sikubaliani nao zaidi. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu, maana likizo ya Juni i karibu, na sisi wa Kidato cha Nne tuna jambo jingine tena mbele yetu. Mtihani wetu utakwisha Novemba, matokeo kwa kawaida hutangazwa Januari, na wale watakaobahatika kuendelea na Kidato cha Tano hawaingii shuleni mpaka Julai. Hiyo ni miezi saba au minane. Wengi wetu tutaipitisha mashambani, tukipenda tusipende. Yafaa basi tujue tunakwenda kufanya nini huko.

Nitasema habari za Lushoto kwa kuwa ndiko kwetu, wala sitaki kusema ya nchi nisiyoijua. Katika milima ya Usambara ya Magharibi mashamba ni madogo madogo. Mtu ana ekari mbili, naye huhesabiwa kuwa na shamba, tena ekari hizo haziko mahali pamoja: kipande kiko bondeni penye maji, kipande mlimani, na kipande cha tatu nyuma ya nyumba penye migomba. Mabondeni hulimwa kabichi, karoti, hoho, nyanya na viazi mviringo, na kwa kuwa maji ya mifereji yapo, kazi haikomi hata masika yakiisha. Mboga hizo ndizo zinazoteremka kwa malori, kona baada ya kona, kutoka Lushoto na Soni mpaka Mombo, kisha zashika barabara kuu kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mtu wa Dar es Salaam akila kachumbari yake mchana, huenda karoti ile ilikuwa ardhini kwetu juzi jioni.

Shamba la namna hiyo haliwezi kuweka vibarua mwaka mzima. Hulimwa na mume, mke na watoto, na kazi ikizidi, mathalan wakati wa kupandikiza miche, wa palizi au wa kuvuna, huitwa watu wa siku chache. Zamani kazi nzito zilifanywa kwa msaragambo: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba akapika. Siku hizi vijana wengi wamekwenda mijini, na msaragambo umebaki kwa barabara na mifereji. Kwa hiyo mwanafunzi aliyerudi likizo ndiye mkono ulio karibu. Haendi kuomba, anahitajiwa. Wazazi wanaoona haya watoto wao wakionekana na jembe la jirani nawaomba walifikirie hilo.

Juni ya mwaka jana nilifanya kazi wiki tatu katika shamba la jirani yetu mmoja, mama mjane ambaye sote humwita Bibi ingawa hatuna undugu naye. Tulikuwa watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Kabla ya siku ya kwanza alikuja nyumbani akakaa na mama yangu, wakapatana mbele yangu: kazi kutoka saa moja asubuhi mpaka saa saba, siku sita kwa wiki, chai saa nne, chakula cha mchana, na shilingi 5,000 kwa siku. Akasema, "Tupatane kabla jembe halijagusa udongo, mwanangu. Tukishaanza, kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake." Mimi naona maneno hayo yangestahili kubandikwa kwenye mlango wa kila mwenye shamba anayetafuta vijana.

Habari za palizi sitazisimulia, maana kila aliyekulia kwetu azijua. Ni kweli alitufundisha mambo: namna ya kutandaza majani makavu juu ya kitalu, kutofautisha ugonjwa wa viazi na kiu ya viazi, kumwagia miche maji asubuhi na si jua likiwa kali. Yalikuwa mazuri, lakini Bwana Shamba au mwalimu wetu wa Kilimo angeweza kutufundisha hayo. Jambo ambalo nisingalifundishwa na mtu mwingine lilikuwa siku ya kuuza.

Wiki ya tatu tulichimba viazi. Mnunuzi alikuja na lori na magunia yake mwenyewe, na vijana wake wakaanza kujaza kwa namna ambayo kwetu na kwingi nchini huitwa lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kilemba cha viazi juu, na kilemba hicho hushonewa kwa kamba na wavu mpaka gunia linafanana na mtu aliyebeba mtu. Bei waliyopatana ilikuwa shilingi 70,000 kwa gunia. Bibi alikuwa ameazima mizani ya jirani. Akamweka mwenzangu mmoja ahesabu magunia, mwingine aandike, na mimi nisome mizani. Gunia la kwanza lilikuwa kilo 134.

Sheria ya Vipimo ya nchi yetu yakataza kufungasha mazao ya shambani katika gunia lenye uzito wa kupita kilo 100, na iko Wakala wa Vipimo kwa kazi ya kusimamia hilo. Kila mtu ajua. Mnunuzi naye alijua. Alisema tu, "Mama, bei ni ya gunia, si ya kilo." Basi tukafanya hesabu pale pale juu ya ukurasa wa daftari. Kama gunia la kilo 100 ni shilingi 70,000, kilo moja ni shilingi 700. Kilo 34 zilizozidi ni shilingi 23,800. Magunia yalikuwa tisa, nayo hayakupishana sana kwa uzito. Mara tisa ni shilingi 214,200.

Sasa msomaji apime na hili. Ujira wetu sisi watatu kwa wiki mbili nzima ulikuwa shilingi 180,000. Kilemba cha magunia tisa kilikuwa kikubwa kuliko kazi ya watoto watatu kwa siku kumi na mbili. Nimesikia mara nyingi wenye mashamba wakisema, "Hatuna fedha za kuwalipa wanafunzi, shamba ni dogo." Nawaamini kwamba fedha hawana mkononi. Lakini wengine fedha hizo wameziona zikipanda lori kwa macho yao, zimeshonewa juu ya gunia, nao wakasema asante.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikwisha kwa ushindi. Viazi vilikwisha kuchimbwa, na viazi vilivyochimbwa havingoji. Mnunuzi alipanda lori lake akaenda zake. Bibi hakusema neno, akatupa chai. Jioni yule bwana alirudi, maana shamba la pili alikuta viazi vidogo, akakubali kununua kwa kilo, lakini kwa shilingi 600 wala si 700. Bibi akamwuzia kiasi cha magunia matano. Kwa lumbesa angalipata kama shilingi 520 tu kwa kilo, nanyi mwaweza kuihakikisha hesabu hiyo wenyewe.

Vilivyobaki tukavipeleka gulioni siku mbili, vingine kwa bodaboda na vingine kichwani, tukauza kwa sado na kwa ndoo. Mimi nilidhani kwamba gulioni ndiko kwenye utajiri, kwa kuwa hakuna mtu wa kati. Kwa hesabu ya kilo tulipata shilingi 800. Lakini tulipotoa ushuru, bodaboda, chakula na viazi vilivyochubuka tulivyorudi navyo, ikabaki kama shilingi 640. Na tulipotoa tena ujira wetu watatu wa siku zile mbili, gulio lilishindwa na lori! Nikamwambia Bibi hivyo, na hesabu nikamwonyesha. Akacheka, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Lakini yule sasa ajua kwamba naweza kwenda gulioni."

Nimekaa darasani miaka minne nikikokotoa faida na hasara za mfanyabiashara aliyenunua machungwa kwa bei hii na kuyauza kwa bei ile. Machungwa ya kitabuni hayaozi, wala mfanyabiashara wake halipi bodaboda, wala hana mtu wa kumwambia kwamba bei ni ya gunia. Jibu lile la Bibi halimo katika kitabu chochote nilichosoma, ingawa nadhani wanaosoma uchumi vyuoni wanalo jina refu la kuliita.

Ndiyo sababu nasema kwamba kibarua cha likizo kisiishie kwenye jembe. Mwenye shamba anayemchukua mwanafunzi akampa palizi na kuvuna tu, kisha siku ya kuuza akamwambia abaki nyuma kuosha karoti, amemnyima nusu ya kazi, tena nusu iliyo bora. Naye amejinyima mtu ajuaye kuandika na kuhesabu bila kuchoka. Kijiji kizima kina wanafunzi warudio likizo na daftari zenye kurasa tupu, na soko zima lajaa watu wanaouza kwa kukisia.

Sasa nije kwenye neno linalonichoma. Siku hizi limeingia jina la heshima, "mafunzo kwa vitendo", na wanaokwenda huitwa wanagenzi. Jina ni zuri. Vyuo vya kilimo huwapeleka wanafunzi wao mashambani kwa mpango, na wadogo zetu walioanza Kidato cha Kwanza mwaka 2024 katika shule za mkondo wa amali nao watahitaji mashamba ya kujifunzia. Lakini jina zuri laweza kufunika jambo baya. Mwenzangu mmoja wa bweni alikwenda mwezi mzima katika shamba moja la nyanya, mbali na kwetu, kwa jina hilo. Hakulipwa senti, kwa kuwa ati amekuja kujifunza. Alichojifunza ni kubeba matenga mpaka barabarani. Sokoni hakufika, bei hakuambiwa, daftari la shamba hakuliona. Na kwa kuwa nyanya zilishambuliwa na kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini katika miaka ya 2010, alipewa bomba la dawa mgongoni, bila glavu wala cha kufunika pua, akapuliza safu baada ya safu. Usiku alitapika. Mwisho wa mwezi alipewa barua ya kumshukuru.

Je, hayo ni mafunzo? Mwalimu akifundisha, mwanafunzi hujua mwishoni jambo ambalo hakulijua mwanzoni. Huyu alijua kubeba tenga tangu akiwa na miaka kumi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo yamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia masomo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kwayo kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, yasema kwamba mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo maneno hayo yananihusu, na wengi wenu pia. Bomba la dawa si kazi nyepesi hata kidogo. Wazazi wanaopatana na mwenye shamba na waulize juu ya dawa kabla ya kuuliza juu ya fedha.

Labda mtu ataniambia, "Na yule mwenye shamba aliye maskini kweli, asiye na lumbesa wala lori, afanyeje?" Hilo ni swali la haki. Kwetu wako watu ambao mavuno yao yote huliwa nyumbani. Huyo na aseme tangu mwanzo kwamba hana fedha, apatane kwa debe la maharage au kwa mbegu za viazi, na kiasi kitajwe. Ujira wa mazao si aibu, babu zetu waliujua. Kinachonikasirisha ni mtu kukaa kimya mpaka siku ya mwisho, ndipo atoe hotuba juu ya faida za kujituma. Na anayefanya kazi kwa baba na mama yake mwenyewe simsemei habari za ujira, maana karo, sare na sabuni hutoka wapi? Lakini hata huyo aombe kuonyeshwa hesabu. Wako watoto wa wakulima waliosomeshwa na kabichi miaka yote, nao hawajui kabichi moja iliuzwa kiasi gani.

Naomba walimu wetu wasichukie kwa haya yanayofuata, kwani nayasema kwa adabu. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule, hasa ya sekondari, ichangie kujilisha kwa shamba au karakana yake. Hilo twalikumbuka sana, hasa saa za jembe. Twasahau kwamba alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, waone uhusiano kati ya jasho lao na kile kinachopatikana. Shamba letu la shule twalijua kila tuta. Lakini ukiingia bwenini leo ukawauliza wanafunzi arobaini mwaka jana tulivuna magunia mangapi ya mahindi, mangapi yaliliwa na mangapi yaliuzwa, utapata majibu arobaini. Sidhani kwamba kuna jambo la kufichwa. Nadhani tu hakuna aliyefikiri kwamba twataka kujua. Twataka. Karatasi moja ubaoni karibu na bwalo la chakula yatosha.

Watu wa Lushoto wana sababu ya pekee ya kulielewa hili. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wake wa kuhifadhi ardhi ya Mlalo, ikawalazimisha watu kuchimba matuta mlimani. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, na matuta si kitu kibaya. Leo wakulima wengi wa kwetu wayachimba kwa hiari. Lakini wakati ule watu waliamriwa kuchimba bila kuulizwa na bila kuona watapata nini, wakayachukia, na mpango ule ukafa kabla ya Uhuru wa 1961. Jembe lile lile, mlima ule ule.

Neno moja kwa ajili ya wasichana wenzangu, halafu nimalize. Mashambani, kazi ikigawanywa, sisi hupewa kuchambua, kuosha na kupikia vibarua, na wavulana hutumwa barabarani kwenye lori na mizani. Huku gulioni ni nani wanaouza? Ni mama zetu! Basi twafundishwa kazi ya lori wale wasiokaa sokoni, na wanaokaa sokoni maisha yao yote hawafundishwi mizani. Bibi aliniweka mimi kwenye mizani kwa sababu, alisema, nina macho mazuri. Sijui kama ndiyo sababu ya kweli, lakini naishukuru.

Tumezungumza na mwalimu wetu wa Kilimo, naye amekubali kuweka daftari ofisini kwake. Mwenye shamba yeyote wa karibu na shule, au mzazi asomaye gazeti hili, anayehitaji vijana kuanzia Desemba, aandike humo kazi ni ipi, ni siku ngapi, ujira ni kiasi gani, na kama kijana atakwenda sokoni. Upande wetu tumeandika majina na wilaya tunazotoka. Mpaka jana jioni tulikuwa kumi na mmoja, wasichana saba na wavulana wanne, na mmoja wetu ana mizani ya kamba aliyopewa na mjomba wake, inayopima mpaka kilo 150.